Stelingi ya Mama Kushoto

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za gereji yetu ya Makanyagio, na nyie vijana mkanifanyia sherehe ya soda na pilau. Nashukuru. Mkanipa na saa ya ukutani. Mtu kastaafu, hana tena mahali pa kuwahi, mnampa saa! Haya, nimeitundika, inafanya kazi, mke wangu anaifurahia.

Siku ile mmoja wenu aliniuliza jambo, na kwa kelele za muziki sikumjibu sawasawa. Aliuliza: kwa nini kwenye gereji yetu, gari likitoka kutengenezwa breki au stelingi, safari ya kwanza anaendesha mwenye gari, fundi anakaa kiti cha pembeni, na fundi huyo lazima aweke mikono mapajani mwanzo wa safari hadi mwisho? Mnafanya hivyo kwa sababu nimewafokea miaka yote, ila hamjui desturi hiyo mliitoa wapi. Gereji nyingine wanatucheka, nasikia. Wanasema mafundi wa kwetu wanapanda gari kama maharusi. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Vyeo sitavigusa kwa sababu havikuwepo, na mishahara ya enzi zile haisemeki mbele ya watu waliokula wakashiba. Nitaandika habari ya fundi aliyenifundisha, na ya kajipu kamoja.

Mimi ni Mbende wa Kabungu. Nilikuja Mpanda mjini nikiwa mwanamume mzima, nimeshaoa, nimechoka kulima tumbaku. Mpanda wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Rukwa, na fundi aliyekuwa anaaminika mji mzima alikuwa Mzee Tambwe. Baba yake alikuwa Mmanyema, mama yake Mkonongo, na ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu, "Chini ya gari." Alikuwa mfupi, mpole, mwenye swala tano, na mdomo wake ulikuwa na makali ya patasi. Gereji yake, hii hii yetu ya leo, ilikuwa bati juu ya nguzo, shimo la kuingia chini ya gari, na jeki moja iliyokuwa inavuja oili.

Siku ya kwanza alinipa boliti na nati, akaniambia nikaze.

"Nikaze mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka usikie."

"Nisikie nini?"

"Ukisikia utajua."

Nikakaza. Nilikuwa na nguvu za jembe, nikakaza mpaka boliti ikakatika ta! Mzee Tambwe hakugombeza. Aliinama akaokota kichwa cha boliti, akaniwekea kwenye kiganja, akasema, "Umesikia?" Ile boliti ninayo mpaka leo, iko kwenye droo pamoja na meno ya mke wangu ya bandia.

Habari ya mikono mapajani niliikuta pale pale. Mzee hakuruhusu fundi ajaribu gari halafu amkabidhi mtu funguo na kumwambia limepona. Mwenye gari ndiye ajaribu, fundi akae pembeni, mikono mapajani, asiguse hendibreki wala usukani. Niliuliza sababu mara moja tu. Akaniambia, "Ukigusa, mwenye gari hatajua kilichomfikisha ni gari au ni wewe." Nikaona ni maneno ya mzee. Nilikuja kuyaelewa kwa Mama Shukuru.

Ilikuwa miaka ya tisini, vita viko ng'ambo ya ziwa na watu wanavuka kila kukicha. Mama Shukuru na mume wake walikuwa wachuuzi wa samaki, nyumba yao mtaa wa nyuma ya gereji. Walikuwa na kajipu, gari dogo la zamani la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, milango miwili, nyuma turubai. Mume alikuwa anakashusha Karema, ananunua dagaa na migebuka mikavu, wanakuja kuuza Mpanda. Kajipu kale kalikuwa kagumu sana usukani. Hakakuwa na pawa stelingi, ni nguvu za mabega yako tu, na ukiingia mchanga wenye mzigo nyuma unashuka umelowa jasho hadi soksi.

Mume akaugua homa, wiki haikuisha, akafariki. Mama Shukuru akakaa eda yake kwa heshima zote. Alipotoka eda akamkuta shemeji yake, Jumanne, mdogo wa marehemu, ameshazoea kupita pale kukagua matairi.

Jumanne hakuwa mtu mbaya wa kupindukia. Alikuwa mtu ambaye akiona kitu cha mwenzake kimekaa, anadhani kinamwita. Aliwaambia wazee wa ukoo kwamba gari lile walinunua yeye na kaka yake, na kwamba mwanamke yule hawezi kuliendesha. Na hilo la pili lilikuwa na ukweli. Mama Shukuru alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni, kikaungwa vibaya, mkono ukabaki umepinda, haunyooki. Kule Karema wavuvi walimpa jina wakamwita Mama Kushoto, na mwenyewe alikuwa anaitika. Mume wake alikuwa amemfundisha kuendesha hapa hapa mjini, barabara tambarare, gari tupu. Mkono ule ulitosha kusukuma gia. Kuzungusha usukani kwenye mchanga au kwenye mteremko wa kushuka ziwani, hapana.

Wazee wakakaa, wakanywa chai, wakatoa uamuzi. Kama Mama Shukuru ataendesha mwenyewe kwenda Karema na kurudi, kabla mvua hazijafunga barabara, na Jumanne akiwa ndani anashuhudia, gari ni lake na watoto wake. Akishindwa, au mtu mwingine akishika usukani njiani, gari anachukua Jumanne, na atakuwa anawaletea watoto chochote. Sisi wa mtaani tulijua hiyo chochote huwa inafikaje: mwezi wa kwanza inakuja, wa pili inatuma salamu.

Kesho yake asubuhi Mama Shukuru alikuja gereji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na yote."

"Nishapoa. Baba, nimesikia magari makubwa ya wafadhili usukani wake unazungusha kwa kidole. Hako kajipu kangu hakawezi kutiwa kitu hicho?"

Mzee Tambwe alifungua mlango wa kajipu. Alimwambia akae kwenye kiti cha dereva, anyooshe mkono wa kushoto. "Unafika hapa?"

"Hapo ndipo mwisho."

"Kwa hiyo shida yako ni mchanga na mteremko."

"Shida yangu ni wanangu, baba. Gari likiondoka pale nyumbani, wamekwisha."

Mzee akafunga mlango wa gari taratibu. Akaniita pembeni. "Anselmi, umeshawahi kuona kajipu ka aina hii kana pawa?"

"Sijawahi."

"Na mimi sijawahi. Lete kamba tupime."

Nyie mmekuta kila kitu dukani, kwa hiyo niwaeleze kazi yenyewe. Ili usukani uwe mwepesi unahitaji vitu vitatu. Kwanza boksi la stelingi lenyewe, lile dude la chuma ambalo usukani unaingilia juu, na chini linatoa kipande cha chuma kama kiwiko, sisi tunakiita mkono wa boksi. Mkono huo ndio unasukuma rodi, na rodi inageuza magurudumu. La pawa linasaidiwa na oili. Pili unahitaji pampu ya kusukuma hiyo oili. Tatu, puli na mkanda ili injini izungushe pampu. Mpanda nzima wakati ule hapakuwa na boksi la kuingia kwenye gari dogo. Ilibidi tuagize ng'ambo, kwenye mikweche iliyotelekezwa kule.

Mzee akamtuma utingo wa lori la samaki kwa mwenye boti wa Karema, kwa mdomo, kama ilivyokuwa kawaida: atafute boksi la pawa la gari dogo, pamoja na pampu yake. Akamalizia, "Mwambie ni boksi la Mama Kushoto." Alisema hivyo ili yule bwana afanye haraka, maana Karema yote walikuwa wanampenda yule mama.

Lilikuja kwenye gunia linalonuka dagaa. Tukalisafisha kwa mafuta ya taa, tukabadilisha sili za kuzuia oili isivuje, likawa zuri kabisa. Pampu tuliitengenezea kitako cha bamba nene, tukakifunga ubavuni mwa injini. Puli ya ziada tulichongesha. Mkanda ndio ulisumbua: wa kipimo kile haukuwepo mjini, tukapata wa mashine ya kusaga, urefu karibu sawa, upana ukizidi kidogo. Mzee aliuvuta, akaunusa, akasema, "Huu umezoea unga. Haya, na aonje safari." Akanunua miwili.

Tulipomaliza, tukanyanyua mbele kwa jeki, magurudumu yakaning'inia. Mzee alikuwa na desturi: mwenye gari ndiye azungushe mara ya kwanza. Mama Shukuru akapanda, kajifunga khanga kiunoni. Jumanne naye alikuwepo, hakuitwa na mtu. Nikawasha injini.

"Zungusha kulia, mwanangu."

Akazungusha kwa mkono mmoja, kidogo tu, usukani ukaenda kama unazungusha sinia. Akacheka kwa sauti. Tangu afiwe sikuwa nimemsikia akicheka. Lakini mimi nilikuwa mbele natazama magurudumu, na magurudumu yalikuwa yamekwenda kushoto.

"Hebu zungusha kushoto," nikasema.

Yakaenda kulia.

Mzee Tambwe akaja akasimama pembeni yangu, akatazama, akamwomba mama azungushe tena. Jumanne akaelewa kabla hatujasema neno, akapiga makofi. "Ama kweli! Gari limemkataa lenyewe! Mwanamke anataka huku, lenyewe linataka kule!"

Mama Shukuru alizima injini. Alibaki pale kwenye kiti, paji la uso kwenye usukani. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi, na kosa halikuwa langu wala la mtu yeyote.

Mwenye boti tulimpata wiki ile ile, alikuja mjini na mzigo. Hakuelewa tunalalamika nini. "Niliambiwa boksi la Kushoto, nimeleta la kushoto. Kule ng'ambo magari yote dereva anakaa kushoto, na nyie mkaniambia Kushoto. Nikasema haya, watu wa Mpanda mna mambo yenu." Mtu alimpa jina mama wa watu kwa ajili ya mkono wake, na jina lile lile likaenda kumchagulia boksi la gari la upande mwingine. Mzee Tambwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama angani upande wa ziwa. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

Kuagiza jingine hatungewahi. Mimi nilikuwa na jibu langu, na nililiona la akili sana. Boksi lilikuwa linasukuma kinyume kwa sababu mkono wake umetazama nyuma. Ukitazama mbele, kusukuma kunageuka, kulia kunakuwa kulia. Ila mkono ukigeuzwa mbele unagonga ekseli. Nikasema tuupashe moto mkono wenyewe, tuukunje kidogo upite juu, nusu saa kazi imekwisha.

Mzee aliniangalia kana kwamba nimetukana msikitini. "Anselmi. Chuma cha stelingi hakipashwi moto. Hakikunjwi, hakichomelewi. Ukikipasha moto kinakubali, kinakuchekea, halafu kinakatika siku ya mzigo, kwenye kona. Hicho si chuma cha mlango wa banda la kuku."

"Lakini mvua, mzee."

"Mvua haina watoto. Huyu ana watoto."

Tukafungua kila kitu. Tukalirudisha boksi nyuma kwenye chesisi ili mkono upate nafasi ya kutazama mbele bila kugonga. Hiyo ilitaka kitako kipya, matundu mapya, na rodi ndefu zaidi. Rodi hatukuunga vipande. Tulitafuta nzima kutoka gari jingine, tukaipata Katumba kwa fundi mmoja mkimbizi aliyekuwa ameikalia kama urithi. Kitako, ambacho ni cha kushikilia boksi tu, tulichomelea pale umeme wa mji ulipojisikia kuja. Mimi nilinung'unika kazi yote ile, na Mzee aliniacha ninung'unike, mradi mikono inafanya.

Mara ya pili tuliponyanyua, Mama Shukuru alizungusha kulia akiwa amefumba macho. "Yameenda wapi, fundi?" akaniuliza.

"Kulia, mama. Fumbua."

Nilidhani tumemaliza. Mzee Tambwe alifungua boneti, akauvua mkanda wa pampu, akautia mfukoni. "Sasa endesha," akamwambia.

"Bila pawa, baba?"

"Mkanda ni mpira. Siku utakapokatika, usukani huu utakuwa mgumu kuliko ule wa zamani. Nataka siku hiyo uijue leo."

Alimpeleka kwenye kiwanja, na kwenye vilima vya barabara ya Kabungu, mchana kutwa, siku baada ya siku. Mama wa watu alirudi analia kwa maumivu. Nilimwona Mzee ni mkatili, nikamwambia hivyo. Alikuwa anamfundisha jambo moja tu, analirudia: usizungushe gari limesimama. Gari likitembea hata kidogo, magurudumu yanakubali; likisimama yanakuwa jiwe. Na katika kuhangaika huko ndipo Mama Shukuru mwenyewe alipogundua kwamba mkono wake uliopinda, ule ambao ulikuwa haufai kitu, ukiuingiza ndani ya duara la usukani unakaa kama ndoano. Haunyooki, kwa hiyo hauchomoki. Anaingiza mkono, anaegemea kwa uzito wa mwili wote, usukani unakuja.

"Nani kakufundisha hivyo?" Mzee akauliza.

"Mungu aliyenipa huu mkono."

Safari ilikuwa asubuhi ya wingu zito, mkanda tumeshaurudisha kwenye pampu. Mama Shukuru usukani, Mzee Tambwe pembeni, mikono mapajani. Mimi na Jumanne tulikaa nyuma, turubai limekunjwa, magunia matupu chini ya miguu. Tulipita Kabungu watu wakatupungia. Mchanga tuliupita, mama akizungusha kwa mkono wake mmoja na kuimba polepole. Jumanne aliacha kuongea. Nadhani alianza kuona gari linamtoka.

Mteremko wa kushuka ziwani mnaujua nyie wa leo ulivyo. Wakati ule haukuwa umechongwa hivyo. Mkono mmoja ukuta wa udongo na mawe, mkono wa pili korongo, chini kabisa unaona vichwa vya miti. Tuliingia gia ya kwanza, injini inavuta nyuma. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Tukiwa tunaingia ile kona kubwa inayokata upande wa ukuta nikasikia boneti imepiga pa! kama mtu amepigwa kibao, na mkanda wa mashine ya kusaga ukaruka chini ya gari.

Usukani ukagoma. Niliona bega la mama likishtuka. Gari likaendelea kunyooka, na mbele yetu kona ilikuwa inaondoka, sisi tunaelekea kwenye vichwa vya miti.

"Shika!" Jumanne akapiga kelele. "Mzee, shika usukani! Tunakufa! Shika!"

Mzee Tambwe alikuwa na usukani karibu kabisa naye. Angeweza kuushika bila hata kuinuka. Hakuushika. Mikono ilikuwa mapajani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Usisimame, mwanangu. Acha litembee."

Mama Shukuru aliingiza mkono wa kushoto kwenye usukani mpaka kwenye kiwiko, akajitupa mwili mzima upande wa ukuta. Alitoa sauti, sio kilio, ni sauti ya mtu anayenyanyua mzigo wa peke yake. Gurudumu la nje lilikanyaga majani ya ukingo, nililiona kwa macho yangu, mawe yakaporomoka. Kisha pua ya gari ikaanza kugeuka. Taratibu, kwa uchungu, ikageuka mpaka ikaingia ukutani, kwenye udongo laini, tukasimama.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Jumanne alishuka, akaenda kukaa juu ya jiwe. Mama alichomoa mkono wake kwenye usukani kwa kusaidiwa na mkono mwingine, umechubuka unatoka damu. Mzee akashuka, akafungua boneti, akaniambia, "Anselmi, ule wa pili uko kwenye mfuko wangu. Uchonge makali kidogo ukae vizuri." Nikauchonga, nikaufunga. Ulifika Karema, na ulirudi.

Karema tulipofika wavuvi walimpokea kwa vigelegele, Mama Kushoto kaja mwenyewe. Yeye hakuwajali. Alimfuata Mzee pale alipokuwa anakagua rodi.

"Baba, mbona hukushika?"

"Ningeshika, gari lingekuwa la Jumanne."

Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akalia kilio chake chote, cha mume na cha mkono na cha wanawe. Tulimwacha alie.

Tulirudi Mpanda na mzigo. Wazee walikaa tena, wakamwita Jumanne aseme aliyoyaona, na hapo nampa haki yake. Angeweza kusema lolote. Mimi na Mzee tulikuwa watu wa gereji, tungeambiwa tunatetea kazi yetu. Alisimama, akakohoa, akasema, "Ameendesha yeye. Hakuna mtu mwingine aliyegusa. Mimi nililia kama mtoto." Akakaa. Gari likabaki. Shukuru na wadogo zake walisomeshwa na kajipu kale, na mkanda wa kipimo halisi ulipopatikana tuliufunga, nikauning'iniza ule wa mashine ya kusaga ukutani gereji. Ndio huo mnauona kila siku mnadhani ni wa mashine ya unga ya mke wangu.

Mzee Tambwe ametangulia, Mungu amrehemu. Kuna kitu kimoja nilimwahidi sitakisema, na nimekaa nacho mpaka nimestaafu.

Jioni ile Karema, mama akiwa ameshapewa pa kupumzika, mimi na Mzee tulishuka ziwani kuoga, mahali wanaume wanapooga. Alikuwa anavua suruali yake ya kaki nyuma ya jiwe, nikapita bila kukusudia. Mapaja yake yote mawili yalikuwa yamevilia damu. Alama za vidole, kila kidole mahali pake, na pale zilipokuwa kucha ngozi ilikuwa imechanika. Alikuwa amejishika mwenyewe.

"Mzee..."

"Geuka huko," akasema. "Na usimwambie binti. Akijua niliogopa, kila akifika kwenye ile kona atakumbuka hofu yangu, atasahau mkono wake." Akaingia majini, na maji yalipofika mapajani nilimwona anauma meno.

Sasa Mama Shukuru haendeshi tena. Ni bibi wa watu, yuko pale pale mtaa wa nyuma, na najua mjukuu wake aliyeko kwenu gereji atamsomea haya. Kwa hiyo ahadi naivunja, Mzee atanisamehe. Mama, ile siku kwenye kona, ulidhani wewe ndiye pekee uliyekuwa unashikilia. Yeye naye alishikilia. Alishikilia mikono yake.